Fundi, Mshahara Wako Anakulipa Nani?

Leo naomba tuweke pembeni habari za wivu na meseji za usiku wa manane, tuzungumze kitu kinachovuruga ndoa nyingi kimyakimya kuliko hata nyumba ndogo. Tuzungumze mshiko. Na si mshiko wa kila mtu, ni wa yule aliyejiajiri kwa mikono yake: fundi.

Nianze na kilichotokea kwangu. Mei Mosi mwaka 2025 sherehe za kitaifa zilifanyika Singida, kwa jirani zetu kabisa. Sisi tunakaa Katesh, wilayani Hanang. Ukishika lami kuelekea magharibi unaingia mkoa wa Singida. Basi nilikuwa jikoni na makande yangu, redio imefunguliwa hadi mwisho. Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipiga vigelegele hadi jirani akachungulia.

Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni na kikombe chake cha chai. Yeye ni seremala. Akanitazama, akasema, "Hongera, Mwalimu. Na mimi nani ataniongezea?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Swali lile limekaa na mimi muda mrefu. Mtumishi akiajiriwa anakuta mshahara wake umeshapangwa na watu asiowajua. Fundi je? Yeye ndiye bosi, yeye ndiye mhasibu, na yeye ndiye kibarua anayesubiri mlangoni Jumamosi. Nani anapanga alipwe kiasi gani? Katika nyumba nyingi jibu ni kwamba hakuna anayepanga. Na pasipopangwa, msomaji wangu, mshahara unapatikana tu, ila unatoka mahali pabaya. Ngoja nikusimulie tulivyojifunza.

KITANDA TULICHOKILA

Mwezi Novemba 2023 alikuja ofisini kwa mume wangu mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu. (Mafundi wote kwetu wanaita kibanda chao "ofisi", hata kama ni mabati matatu na meza ya kurandia.) Binti yake mkubwa alikuwa anaolewa Januari. Akaagiza kitanda cha tano kwa sita, bei 420,000. Akaacha advansi ya 250,000.

Wiki hiyohiyo sisi tulikuwa na kadi ya harusi ya upande wa kwetu Dongobesh. Unajua mambo ya kadi. Ukienda na mkono mtupu unaongelewa mpaka Pasaka. Nikamwambia mume wangu, "Fundi, umesema hakuna kitu, na ile hela ya asubuhi je?" Akasita. Nikasisitiza. Mchango wa kadi ya watu wawili ukatoka 100,000. Kitenge cha sare na kushona, 65,000. Nauli 20,000. Ile 65,000 iliyobaki mpaka leo hatukumbuki ilikwenda wapi. Chai, vocha, nyama choma, basi.

Tukajipa moyo: oda nyingine itakuja, tutanunua mbao kwa advansi ya oda hiyo. Mafundi wengi wanaishi hivyo. Oda ya leo inanunua mbao za oda ya juzi, mpaka siku oda inakosekana.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaipiga Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Sisi nyumba yetu na ofisi vilisalimika. Wengi tuliokuwa tukisalimiana nao kila asubuhi hawakusalimika.

Siku kama kumi baadaye yule mama alikuja nyumbani, amevaa viatu vya mvua vya kuazima. Nyumba yake ilikuwa imejaa tope hadi madirishani. Nikamwamkia, akaitikia taratibu. Akasema, "Mwalimu, harusi tumeisogeza mbele. Naomba ile hela yangu, nikaanzie maisha."

Mume wangu akanigeukia mimi. Mimi nikatazama chini. Hela haikuwepo, na mbao hazikuwepo.

Yule mama hakutukana. Alisema tu, "Haya, mkipata mtaniletea." Akaondoka na viatu vyake vya kuazima. Afadhali angetukana! Ilituchukua hadi Machi 2024 kumrudishia, mara nne, vipande vipande, kama watu wanaolipa faini.

Usiku ule tuligombana, usipime. Mimi nikamwambia hana mpangilio. Yeye akaniambia neno ambalo mpaka leo nalikubali: "Wewe una mshahara, ukiisha unajua umeisha. Mimi sijui hata kama nina mshahara." Hapo ndipo nilipoelewa. Fundi asiyejipangia mshahara anajilipa kwa hela ya mteja. Ile 250,000 haikuwa yake. Zilikuwa mbao, gundi na vanishi, zimevaa tu sura ya noti.

ASALI ILIONEKANA, NOTI HAIONEKANI

Zamani jambo hili lilikuwa jepesi zaidi. Kwa Wadatoga, majirani zetu wa siku zote, kuna ukoo wa wahunzi unaoitwa Gidang'odiga. Ndio wanaofua vyuma, na wapo hadi leo kuzunguka Ziwa Eyasi. Wahadzabe, wale wawindaji wa bonde la Yaeda wilayani Mbulu na maeneo ya Eyasi, wamekuwa wakichukua kwao ncha za mishale na kulipa kwa asali au nyama.

Fikiria mke wa mhunzi. Mume akifua mishale kumi, jioni asali inaingia ndani na kila mtu anaiona. Hakuna haja ya kuuliza "leo umepata nini?" Na asali ya mteja huwezi kuila kabla mshale haujafuliwa, maana bado haijafika.

Noti ni kitu kingine. Noti ya mbao, noti ya mshahara wa kijana, noti ya LUKU na noti ya mboga zote zina sura moja na zinakaa mfuko mmoja. Mke anaona mumewe kapokea laki mbili na nusu, anajua nyumba ina laki mbili na nusu. Mume anajua nyumba haina kitu, ila anaona aibu kusema. Hapo ugomvi umeshaandaliwa, unasubiri chumvi tu.

MAFUNDI WATATU, NJIA TATU

Baada ya lile la kitanda nikawa kila nikisafiri nawauliza mafundi, "Wewe unajilipaje?" Wengi walicheka. Watatu walinijibu kwa makini, na majina yao nayahifadhi.

Wa kwanza ni dada mmoja, fundi cherehani Dongobesh. Yeye alichukua somo kwa bodaboda. Unajua dereva wa bodaboda asiyekuwa na pikipiki yake anavyoishi: kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, kinachozidi ndicho chake. "Na mimi nikasema cherehani yangu ina mwenyewe," aliniambia. "Mwenyewe ni kesho." Kila siku cherehani inapewa hesabu yake ya 5,000, inaingia kwenye kopo. Msimu wa sare za shule, Desemba na Januari, hesabu inapanda hadi 10,000. Kinachobaki ndicho anachopikia.

Ubaya wake? Siku ya ukame kopo linakula na watoto hawali. Kwa hiyo ameweka sheria ndogo: ufundi wa siku ukiwa chini ya 10,000, cherehani inapewa nusu. Sikiliza na hili: katika miaka mitatu kopo hilo limemnunulia cherehani ya pili.

Wa pili ni kaka wa Haydom, fundi wa kuchomelea milango na madirisha. Yeye hana mshahara wa mwezi. Kila kazi ikiisha anatoa kwanza vyuma, rangi na umeme. Hela ya ufundi inayobaki anaigawa mafungu matatu: vijana, ofisi, nyumbani. Ni njia ya haki, na vijana wake wanampenda kwa sababu hakuna anayenyonywa. Lakini mkewe alipotuletea soda alisema kitu nikakiandika: "Shemeji, fungu naliona. Tatizo silijui litakuja lini. Kuna wiki nalala tajiri, kuna wiki naamka nakopa unga." Njia hii inafaa kwa mwenye kazi mfululizo. Kwa mwenye kazi za msimu inamwacha mama wa nyumba gizani.

Wa tatu ni fundi pikipiki wa Mbulu mjini, na huyu ndiye aliyenikuna. Ana vijana wawili. Jumamosi jioni anawalipa, wanasaini kwenye kaunta buku. Kisha yeye naye anajilipa 50,000, mstari uleule, na anasaini kama wao. Nikamuuliza, "Sasa unamsainia nani?" Akasema, "Naisainia ofisi. Vijana wakiniona nasaini, nao hawaombi advansi ovyo."

Alikiri kwamba miezi mitatu ya mwanzo alikuwa anajiibia: Jumanne elfu tano, Alhamisi elfu kumi. Akaanza kuandika kila anachochomoa kama deni lake kwa ofisi, na kukikata Jumamosi. Kuna Jumamosi moja alijilipa 12,000. Mkewe akamuuliza nyingine ziko wapi. Alipofungua daftari mbele yake, nyama choma zote zilikuwemo. Tabia ikaisha.

UKIVUNJIKA MGUU, UTAMLIPA MTU KIASI GANI?

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: kiasi gani? Mume wangu alikuwa anaamini kila kinachobaki ni chake. Tukachukua kitanda cha 420,000 tukakifumua. Mbao, gundi, msasa, misumari na vanishi: 230,000. Kijana wa kusaidia: 40,000. Umeme na sehemu ya kodi ya kibanda: 20,000. Kinabaki 130,000.

"Hiyo ndiyo yangu," akasema.

Nikamuuliza swali la kimwalimu. "Fundi, tuseme umevunjika mguu. Umemwita fundi mwenzako aje amalizie kitanda hiki kwa siku nne. Ungempa ngapi kwa siku?" Akafikiri, akasema elfu ishirini, fundi mzuri hawezi kuja kwa chini ya hapo. Siku nne ni 80,000.

Basi 80,000 ndiyo ujira wa mikono yako. Ile 50,000 ni ya ofisi. Ni ya msumeno utakaovunjika meno, ya mashine ya kuranda itakayoungua, ya mwezi wa mvua ambao hakuna anayeagiza hata kigoda. Na kama kinachobaki ni pungufu ya 80,000, ujue bei yako ni ndogo. Unafanya kazi ya fundi kwa ujira wa kibarua, na unamlipia mteja kitanda chake bila mwenyewe kujua.

Swali hili la mguu linafaa hata kwa wewe uliyesoma chuo ukafungua saluni, studio ya picha au jiko la keki za harusi. Mtu wa kukushikia nafasi angetaka ngapi? Anzia hapo.

WASTANI NI MUONGO

Hata hivyo kujua ujira wa kitanda kimoja hakutoshi, kwa sababu vitanda haviji kwa mpangilio. Huku kwetu fundi anakula kwa kalenda ya mkulima. Ngano na mahindi ya Hanang yakishauzwa, vitunguu saumu vya Mbulu vikishapata mnunuzi, watu wanaoa, wanajenga, wanabadilisha makochi. Januari hela yote ni ya shule. Machi na Aprili ni mvua, palizi na madeni.

Tulianza na mshahara wa 250,000 kwa mwezi, bila kujua kama utashika. Kuanzia Julai 2024 hadi Juni 2025 tukaandika kila kitu. Tarehe 30 Juni, kama serikali inavyofunga mwaka wake, na sisi tukafunga wetu, taa ya mezani katikati. Baada ya vifaa, vijana, umeme na kodi, ofisi ilikuwa imebakiza hivi: Julai 620,000, Agosti 910,000, Septemba 850,000, Oktoba 540,000, Novemba 430,000, Desemba 600,000, Januari 250,000, Februari 210,000, Machi 190,000, Aprili 240,000, Mei 330,000, Juni 470,000. Jumla 5,640,000.

Fundi akagawa kwa 12. Ikatoka 470,000 kamili. Macho yakamng'aa. "Mwalimu, mshahara wangu ni 470,000."

Hapo nilijua kuna kitu nyuma yake. Ile 500,000 ya Mei Mosi ilikuwa bado inamkera. Alitaka asiwe chini sana ya kima cha chini cha serikali. Wanaume wengi walioa wafanyakazi wana kidonda hiki na hawakisemi: mke ana karatasi ya mshahara, yeye ana vumbi la mbao. Nisingeweza kumcheka. Yeye ndiye anayeamka saa kumi na moja alfajiri, na baridi ya huku unaijua.

Nikamwambia, "Mume wangu, Machi haijui habari za wastani. Machi inajua 190,000 tu." Ukijilipa 470,000 kila mwezi, mwaka unaisha ofisi haina hata shilingi. Msumeno ukivunjika, unarudi kwenye advansi ya mteja. Unarudi kwa yule mama mwenye viatu vya kuazima.

Kimya. Kisha akasema, "Nipe hesabu yako."

Nilipendekeza 300,000. Kuanzia Julai hadi Desemba, ukitoa mshahara huo kila mwezi, ofisi inabaki na akiba ya 2,150,000. Januari hadi Aprili inapungukiwa, inachomoa jumla ya 310,000 kutoka kwenye akiba kumlipa mwenyewe, na nyumbani hatusikii kitu. Mei na Juni zinarudisha 200,000. Mwisho wa mwaka fundi kalipwa 3,600,000 na ofisi ina 2,040,000. "Na hizo milioni mbili ni za nani?" nikamuuliza. "Zangu," akasema. Naam! Zako, ila hazilali kitandani kwetu, zinalala ofisini.

Tukakubaliana 300,000. Mwezi huohuo wa Julai 2025 ambao nyongeza ya watumishi ilianza, na fundi wangu naye akapandishiwa mshahara kutoka 250,000. Aliyempandishia ni daftari lake.

MKAE CHINI WAWILI

Mpenzi msomaji, kama wewe ni fundi au unaishi na fundi, haya ndiyo yaliyotufaa sisi. Chukua yanayokufaa.

Kwanza, tenganisheni laini. Namba moja ya simu ya kupokelea hela za wateja, nyingine ya nyumbani. Tarehe ya mshahara hela inahama kutoka ofisi kwenda nyumbani, na ujumbe wa simu unakuwa ndiyo karatasi ya mshahara. Sisi tunalipa tarehe 28. Siku hiyo mume wangu anatembea kifua mbele, msione!

Pili, advansi ikiingia inunue mbao siku hiyohiyo au kesho yake. Mbao haziwezi kuchangia harusi.

Tatu, pangeni mshahara kwa kutazama miezi mibaya, kisha pandisheni mara moja kwa mwaka mkiwa na daftari mbele yenu. Kupandisha ni raha. Kushusha ni msiba, na mara nyingi msiba huo unaishia kwenye maneno ya "siku hizi umebadilika".

Nne, daftari linalipa lenyewe. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliweka kwamba mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 4 hadi milioni 7 kwa mwaka, akiwa na kumbukumbu, analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Asipokuwa nazo analipa 100,000. Fundi cherehani mwenye mauzo ya milioni 6 na daftari analipa 60,000. Kaunta buku limemwokolea 40,000. Uliza TRA viwango vya mwaka wako, na kumbuka kodi hiyo inatazama mauzo. Ukijilipa kidogo au kingi, haibadiliki.

Tano, usisahau uzee. Mimi nakatwa mchango wa pensheni bila kuulizwa. Fundi hakatwi na mtu, na mgongo wake ndio unaochoka mapema. NSSF inapokea michango ya waliojiajiri. Kitoke kidogo kila tarehe ya mshahara, kabla ya hela kuonja mfuko.

Sita, na hili ni lako wewe mke au mchumba wa fundi. Ukimwona kapokea hela, usiulize "umepata ngapi?" Uliza "ya nani hiyo?" Mimi ningeuliza hivyo Novemba 2023, yule mama angeondoka kwetu na hela yake mkononi. Mara nyingi tunawalaumu mafundi kwa kula hela za wateja, na sahani tumeshika sisi.

Najua wengine mtasema mapenzi ya kuandikiana kwenye daftari hayana ladha. Mimi nawaambia kabla ya daftari nilikuwa namkagua mume wangu mifukoni akilala. Siku hizi silali na wasiwasi huo. Tarehe 28 simu inalia, mambo bomba, na tarehe nyingine zote ninamuuliza habari za kazi bila yeye kudhani naomba hela. Mnajua ni muda gani mume wangu alikuwa hanisimulii kazi zake? Sasa ananieleza hadi aina ya mbao.

Yule binti alikuja kuolewa baadaye, maisha yaliposimama. Mama yake alirudi ofisini, na mimi nilijua ni ujasiri gani ulimrudisha. Akaagiza kitanda kilekile cha tano kwa sita. Akahesabu advansi, akaishika kidogo, akamtazama fundi, kisha akanitazama mimi.

Mbao zilinunuliwa kabla ya saa sita mchana.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Ukikaa na mwenzio jioni ya leo, muulizeni huyo fundi wenu swali moja tu: bosi wako anakulipa lini?